Kimo cha Nyumba ya Bibi Paulina

Katika chumba cha kaka yangu Yotham, kwenye nyumba tunayoishi wawili Ipagala, Dodoma, kuna rafu tatu za mbao zilizojaa majengo. Kuna soko la zabibu lenye paa linalofanana na majani ya mzabibu yaliyopandana. Kuna kituo cha basi ambacho kingekusanya maji ya mvua na kuyahifadhi chini ya benchi la abiria. Kuna shule ya msingi ambayo madarasa yake yamezunguka ua, ili vumbi la mwezi wa nane lipite juu ya vichwa vya watoto. Yote yametengenezwa kwa maboksi ya biskuti, gundi nyeupe na vijiti vya mishikaki, na hadi mwaka jana hakuna hata moja lililowahi kujengwa. Katika kazi yao wanaiita michoro ya wazo. Mtu anachora jengo ili kuonyesha jinsi linavyoweza kuwa, kabla hajapatikana wa kulijenga, na mara nyingi hapatikani.

Yotham alihitimu usanifu majengo miaka sita iliyopita. Mchana yuko katika ofisi ndogo mjini, ambako kazi yake ni kurekebisha michoro ya watu wengine: kuongeza choo, kuhamisha ngazi, kuandika vipimo vya madirisha ya nyumba za watumishi wanaohamia Dodoma. Jioni na siku za mapumziko anarudi kwenye maboksi yake. Mama yetu, Emiliana, karani mstaafu anayeishi mtaa wa Kikuyu, hakuwa na jibu zuri watu walipomwuliza kanisani mwanawe amejenga wapi.

"Anachora," alikuwa akisema.

Siku moja mama mmoja wa kwaya akamjibu, "Hata wa kwangu anachora, ila yeye yuko darasa la pili."

Kila jengo kwenye rafu zile lina kitu fulani kilichotoka Kibakwe. Huko ndiko Yotham alikolelewa na bibi yetu mzaa mama, Bibi Paulina, mpaka alipofikisha miaka sita. Bibi alikuwa na tembe, nyumba ya zamani ya kwetu, yenye kuta za miti na udongo, na paa bapa la udongo ambalo mtu angeweza kupanda na kuanika mboga. Tembe hiyo ilibomolewa mwaka 1999, ikajengwa nyumba ya bati. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo nyumba ile sikuiona hata siku moja, na bado nathubutu kusema kwamba nimekulia ndani yake, kwa sababu Yotham alinisimulia karibu kila Jumapili mchana, tukiwa tumekaa uani kwa Mama tunachambua mchele.

Alisema chumba cha nje kilikuwa kipana hata ndama na mbuzi waliingia wakabakiza nafasi ya watoto kukimbizana. Vilindo vya mtama, yale mapipa ya magome ya miti, vilisimama kando ya ukuta kama walinzi. Asubuhi mwanga uliingia mlangoni na kuchora njia ndefu sakafuni, na yeye alikuwa akiifuata njia hiyo kwa miguu mitupu mpaka inapoishia gizani. Mvua za kwanza zikinyesha, paa zima lilinukia kama shamba.

"Ukilala chali," aliniambia, "uliziona boriti kwa mbali, kama ziko mbinguni. Ungeweza kurusha mpira mle ndani usiguse juu."

"Mimi nakumbuka kunguni," alisema Mama bila kuinua macho kwenye ungo.

Nilimwonea Yotham wivu. Mimi nilikulia chini ya bati na siling bodi, katika nyumba ya kupanga ambayo ilifanana na ya jirani, na ya jirani ikafanana na ya jirani yake. Sikuwa na chumba cha kukumbuka. Nikaazima cha kwake.

Mwezi wa sita mwaka jana, Mjomba Stanley alipiga simu kutoka Kibakwe. Kanisa la kwao lina zahanati, na ndugu wa wagonjwa waliokuja kuuguza walikuwa wakilala barazani na kupika nyuma ya choo. Waumini walikuwa wamekubaliana kujenga nyumba ya wauguzaji. Tanuri moja la tofali lilikuwa limeshachomwa. Mjomba ndiye mwenyekiti wa kamati, na kamati ingekaa Jumamosi moja ya mwezi wa nane kuchagua jengo. Fundi Bartolomayo, aliyejenga nusu ya nyumba za kijiji, alikuwa na lake kichwani tayari: banda refu la bati, kama stoo ya shule.

"Nimekuombea nafasi," Mjomba alimwambia Yotham. "Ukiwashawishi, wanajenga la kwako. Ukishindwa, fundi anachimba msingi Jumatatu, na mimi nitakuwa sina la kusema."

Yotham alikata simu akakaa kitandani. Nilikuwa nimemletea chakula, sikujua niiweke wapi sahani, maana kila mahali palikuwa na maboksi.

"Eva," aliniambia, "nina miaka thelathini na moja. Sijawahi kuingia ndani ya kitu nilichokichora."

Aliifanya kazi ile wiki saba. Hakuhitaji kutafuta wazo, kwani wazo lilikuwa limemngoja tangu utotoni. Watu waliouguza wangekaa katika tembe: chumba kipana cha kuingilia, vyumba viwili vya kulala, sehemu ya kupikia, ukuta mrefu unaoupa upepo mgongo, na paa la udongo. Alitengeneza modeli ambayo kila sentimita yake moja ilikuwa nusu mita ya kweli. Juu ya paa alipaka gundi, akanyunyiza udongo mwekundu aliouchekecha kwa chujio la chai la Mama, na Mama hakuambiwa.

Mimi alinipa kazi ya kukata watu. Katika modeli huwekwa watu wa karatasi ili mtazamaji aone ukubwa wa jengo. Aliniandikia kimo chao, nikawakata kwa kiwembe kumi na wawili, wanaume na wanawake, mmoja nikamwekea mtungi kichwani. Tulipowasimamisha ndani niliona kama wamepotea.

"Wadogo," nilisema.

"Wako sawa. Ndivyo nyumba ile ilivyokuwa."

Nilimwamini. Yeye aliiona, mimi sikuiona.

Ijumaa tulipanda basi la asubuhi hadi Mpwapwa, kisha pikipiki mbili zikatupandisha milima ya Kibakwe. Yotham alikumbatia boksi la modeli njia nzima, na kila tulipopita shimo alilinyanyua juu kidogo, kama mtu anayevuka mto na mtoto mchanga.

Kamati ilikutana Jumamosi saa nne katika ukumbi wa kanisa. Walikuwa watu tisa juu ya mabenchi mawili. Mjomba Stanley alikaa mezani. Fundi Bartolomayo, mzee mkavu mwenye mikono mikubwa, alichagua kukaa karibu na mlango, kofia ikiwa gotini. Hamida, muuguzi wa zahanati aliyetoka Kondoa, alikuja na koti lake la kazi. Na mwisho wa benchi la pili, akiwakilisha akina mama wazee, alikaa Bibi Paulina mwenyewe, mwenye miaka themanini na minne.

"Mbukwenyi," Yotham aliwasalimu kwa Kigogo, wakaitikia kwa furaha. Kisha akamwinamia Bibi. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda. Huko mjini huyu mke mwenzangu hakupikii?"

"Nampikia, Bibi," nilijibu. "Ila anapenda zaidi gundi."

"Basi nitamchukua mimi. Mwanamume wa gundi hasumbui."

Ukumbi ulicheka, na kwa kitambo kidogo nilidhani mambo yatakuwa mepesi. Yotham aliiweka modeli mezani akaanza kueleza. Alieleza kama walivyofundishwa chuoni kueleza. Alizungumzia mwendelezo wa nafasi, na kumbukumbu ya pamoja ya jamii, na namna jengo linavyoweza kumpokea mtu mwenye hofu. Wazee walimsikiliza kwa adabu ile ile wanayompa mgeni anayesali kwa lugha wasiyoijua.

"Sema paa ni la nini," Fundi Bartolomayo alikatiza.

"La udongo, Mzee. Juu ya boriti na fito. Kama tembe."

Mzee mmoja akaguna, mwingine akacheka ndani ya kiganja.

"Kijana," alisema Fundi, "tembe ya huyu bibi yako niliibomoa mimi, kwa mikono hii. Bati lake nililipandisha mimi. Siku hiyo alitupikia kuku."

"Jogoo," Bibi alirekebisha.

"Alitupikia jogoo, kwa furaha. Sasa wewe umesoma miaka yote hiyo ili uturudishe tulikotoka?"

Yotham alijitahidi. Alisema udongo ni baridi mchana na una joto alfajiri, na mvua ikinyesha wauguzaji hawatasumbuliwa na kelele za bati. Hamida alimsaidia nusu ya njia.

"Hilo la joto ni kweli," alisema. "Chini ya bati saa nane mchana hukai. Lakini mdogo wangu, udongo unapasuka. Kila mvua zikikaribia lazima mtu apande azibe. Atapanda nani? Ndugu wa mgonjwa? Au nipande mimi na hili koti?"

Nilimwona Yotham akiitazama modeli yake kama anaiomba iseme.

"Niletee hiyo karibu," alisema Bibi Paulina.

Mjomba aliibeba, akaiweka kwenye mapaja ya mama yake. Bibi aliinua paa la udongo kwa vidole viwili, akachungulia.

"Hawa ni akina nani?"

"Ni watu, Bibi. Wamewekwa kuonyesha kipimo."

Alimtoa yule mwanamke wa mtungi. "Huyu amekuja kumwuguza mumewe. Ana unga, ana mbegu, ana nguo za mtoto. Ataviweka wapi panya wasifike?"

"Kuna uchaga, Bibi. Huu hapa juu, chini ya paa, kama ule wako." Yotham alimwonyesha kijiti cha mshikaki alichokigandisha karibu na dari.

Bibi alimsimamisha mwanamke wa karatasi kando ya ukuta. Kisha akampandisha, taratibu, mpaka kichwa kikafika kwenye uchaga. Miguu ilikuwa inaning'inia mbali na sakafu.

"Umemwotesha mbawa?"

Watu walicheka sana, hata Mjomba. Yotham hakucheka.

"Bibi, nyumba yako ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa mle ndani. Naikumbuka."

"Nyumba yangu?" Bibi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Dari ya nyumba yangu niliigusa kwa kiganja, nimesimama hivi hivi. Babu yako aliingia ameinama na kutoka ameinama, mpaka akazoea, akawa anainama hata kwenye mlango wa kanisa."

"Ilikuwa hapa," alisema Fundi Bartolomayo, akiweka mkono juu kidogo ya kichwa chake. "Niliibomoa bila ngazi."

Ndipo nikaelewa, na nadhani Yotham alielewa kabla yangu, kwa sababu alikuwa ameacha kubisha. Watu wangu wa karatasi walikuwa na kimo sahihi. Nyumba ndiyo iliyokosewa. Kaka yangu alikuwa ameichora kama alivyoiona akiwa na miaka sita, akitazama kila kitu kutoka chini, kisha akaweka ndani yake watu wazima. Na si nyumba ile tu. Soko, kituo, shule, vyote vilivyokuwa kwenye rafu za Ipagala vilikuwa na ukubwa ule ule wa utotoni.

Mjomba Stanley alikohoa. Alisema kamati itakaa tena kesho baada ya ibada, na kwamba Fundi, kwa ukarimu wake, hatachimba kitu kabla ya hapo. Ilikuwa njia ya mjomba kumpa mpwa wake pa kujificha.

Mchana huo Yotham alianza kufunga modeli kwenye boksi. "Wajenge la fundi," alisema. "Tukiwahi pikipiki, kesho mapema tuko Dodoma."

Bibi alikuwa ameshasimama na fimbo yake. "Kabla hujakimbia, njoo uone ulipolala."

Mahali palipokuwa na tembe sasa pana shamba la maharage la Mjomba. Ardhi yake imeinuka kidogo, na upande mmoja, lilipokuwa zizi, majani ni ya kijani iliyokolea. Bibi aliingia katikati ya mistari ya maharage bila kukanyaga hata mche mmoja, akawa anapiga chini kwa fimbo.

"Mlango hapa. Ndama hapa. Vilindo vyangu, kimoja, viwili, vitatu. Mafiga. Hapa nililala mimi, wewe nyuma yangu, na ukuta nyuma yako."

Tulisimama pale watu watatu. Tulikuwa tumegusana mabega. Yotham alitoa futikamba mfukoni akapima kutoka mlangoni hadi ukutani, akaandika. Akarudi kupima tena. Kisha akakaa kwenye tuta.

"Njia ya mwanga," alisema. "Ile ndefu ya asubuhi."

"Imefanya nini?" nilimwuliza.

"Ni hatua nne."

Nilikuwa naitazama ile ardhi ndogo, na ndani yangu nyumba niliyoazima ilikuwa inapungua: chumba cha kukimbizana, walinzi wa mtama, boriti za mbinguni, vyote vikisogea, vikijikunja ili vienee kati ya mistari ya maharage. Nilisikia huzuni kama ya mtu aliyefiwa na ndugu asiyewahi kuonana naye. Ikiwa mimi niliumia hivyo, sijui yeye.

Bibi hakumbembeleza. Alimsukuma na fimbo begani. "Nipime na mimi."

"Nikupime wewe, Bibi?"

"Sasa unadhani nyumba waliipimia nini? Nilipoolewa, fundi aliniita nisimame. Akaniambia, nyoosha mkono. Kiganja kilipofika, boriti ikalazwa hapo, kwa sababu uchaga ni wangu, mbegu ni zangu, nitapandishia nini? Akaniambia, lala chini. Kitanda kikawa urefu wangu na mtoto. Mlango ukaishia kidevuni. Mume hakuitwa. Mume analala tu humo."

"Kila nyumba ilipimwa hivyo?"

"Za mafundi wenye akili. Wengine walijenga kama Bartolomayo."

Yotham aliinuka. Bibi alijinyoosha katikati ya shamba, mkono juu, kiganja kimefunguka, kitenge kikipeperushwa na upepo. Mimi nilishika ncha ya futikamba chini kwenye kisigino chake, Yotham akaivuta hadi kwenye kiganja.

"Mita moja na themanini na nane."

"Ongeza vidole vinne. Nimesinyaa."

Akaongeza vidole vinne, vya Bibi mwenyewe, akavipima navyo.

Tuliporudi nyumbani aliiweka modeli kwenye meza ya Mjomba, akatoa kiwembe, akaanza kuzikata kuta. Alikata karibu nusu ya kimo chake. Mimi nilishikilia, na kila kipande kilichoanguka alikisukuma kando bila kukitazama. Kuta zilipokuwa fupi, chumba kilichokuwa kama ukumbi kikawa chumba, na wale watu wa karatasi, bila kukatwa upya, wakaonekana wamefika kwao.

Paa ndilo lililomchelewesha. Mara mbili alilirudisha la udongo, mara mbili akalitoa. Mwishowe alikata bati kutoka kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya chai, akaliweka kwa mteremko mmoja, upande wa chini ukielekea unakotoka upepo. Chini ya bati, mahali pa siling bodi, akaweka ile dari ya fito na udongo mwekundu.

"Mvua itapiga bati, haitagusa udongo," alisema polepole, kama anayejihakikishia. "Hakuna wa kupanda kuziba. Na joto la bati litaishia kwenye udongo."

"Fundi atakubali?"

"Fundi atatafuta kosa. Ngoja alitafute."

Jumapili, baada ya ibada, Fundi Bartolomayo hakungoja maelezo. Aliichukua modeli, akaigeuza, akachungulia chini ya bati, akapima ukuta kwa kucha ya kidole gumba.

"Kimo hiki napanga tofali nimesimama chini," alisema. "Sihitaji jukwaa."

"Na tofali zitatosha?" aliuliza Mjomba.

"Zilizochomwa zinatosha, na nyingine zitabaki za jiko. Lile ghorofa la jana lingetaka tanuri la pili. Kuni za tanuri la pili angezikata nani, huyu?" Alinionyesha mimi kwa kidevu. "Udongo wa dari utabebwa na boriti zilizokaribiana. Inawezekana. Tulikuwa tunafanya." Akaigeuza modeli tena, akaongeza shingo upande, "Nilikuwa nimeanza kusahau kwamba tulikuwa tunafanya."

Hamida aliuliza kama muuguzaji mrefu ataumia kichwa mlangoni. Yotham akamjibu kwamba mlango utafuata kimo cha mwanamke mwenye mzigo, lakini ndani watakuwa wanagusa dari. Mzee mmoja alipinga. Alisema nyumba fupi itaaibisha kanisa, zahanati yenyewe ikiwa ndefu vile, na wageni watadhani waumini walichoka katikati ya ujenzi. Walibishana mpaka harufu ya chakula ikaanza kuingia ukumbini. Mikono ilipohesabiwa, sita walikubali, wawili walikataa, na mmoja alikuwa amesinzia.

"Basi fundi anaanza Jumatatu," alisema Mjomba Stanley. "Na mchoro ni wa huyu."

Yotham alishukuru kwa sauti ndogo. Tulipotoka nje nilimsubiri afurahi. Alikuwa anaitazama milima.

"Miaka yote nilikuwa nachora ile nyumba ili niweze kurudi," alisema. "Sasa najua ukubwa wake, na siwezi tena kuiona kubwa. Nimejaribu usiku. Haiji."

Tangu siku ile hasimulii tena Jumapili kwa Mama. Anaongea habari za lenta na misumari, na Mama anamsikiliza kwa heshima mpya, lakini mimi nayakosa yale masimulizi. Ninaposikia mvua za kwanza juu ya bati la Ipagala, bado ninalala chali na kuzitazama boriti zile za mbali. Nadhani siku hizi niliyebaki ndani ya nyumba kubwa ni mimi peke yangu, niliyekuwa sijazaliwa.

Ujenzi ulichukua miezi mitatu. Yotham alikwenda mara tatu, kwa ruhusa za kuombaomba kazini. Mara ya kwanza alimkuta Fundi Bartolomayo amewapanga akina mama wa kwaya kando ya ukuta, wamenyoosha mikono, naye anaweka alama za chaki. Fundi hakueleza wazo hilo amelipata wapi. Kwa kuwa mikono ya akina mama haikulingana, alijenga uchaga wa vimo vitatu.

Mwezi wa kumi na moja tulikwenda pamoja kuiona nyumba kabla ya kufunguliwa. Milango ilikuwa bado haijapachikwa na chokaa ilikuwa mbichi. Tulidhani tutaikuta tupu. Lakini mwanamke mmoja kutoka vijiji vya bondeni, ambaye mama yake alikuwa amelazwa tangu jana yake, hakuona sababu ya kungoja ufunguzi. Furushi lake lilikuwa juu, kwenye uchaga wa katikati. Sufuria ilikuwa motoni katika sehemu ya kupikia, na yeye alikuwa amechuchumaa anakoroga uji, machozi yakimtoka.

Yotham aliingia. Alikuwa ndani ya kitu alichokichora. Alisimama katikati ya chumba, akainua mkono, akagusa dari kwa kiganja kizima, akauacha mkono hapo kwa muda. Nilikaa mlangoni nisimsumbue.

"Karibuni," alisema yule mwanamke, akikohoa. "Ninyi ni wa hapa? Nani kajenga hii nyumba?"

"Fundi Bartolomayo," alijibu Yotham.

"Simsemi aliyepanga tofali. Nauliza aliyefikiria."

Yotham alishusha mkono. "Mimi, dada."

"Pole kwa kazi. Ni nzuri, ina ubaridi. Ila kaka yangu, moshi ulidhani utapita wapi?"

Kweli, moshi ulikuwa umejikusanya chini ya ile dari nzuri ya udongo na ulikuwa unarudi chini, polepole, kutuona sisi. Yotham aliutazama. Kisha akanigeukia akanyoosha mkono kuomba penseli, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane nilimwona anatabasamu na meno. Alikwenda kuchuchumaa kando ya mafiga, akamwuliza upepo wa asubuhi ulikuwa umeingilia upande gani. Mwanamke alisogeza kikapu cha unga ili apate pa kukaa, akaanza kumwonyesha kwa mwiko.